Mke Mwenzangu Anavuja

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu Spana,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Sisi huku tupo, tunapumua, ila goti langu la kushoto ndilo linaloamka kabla yangu na kulala baada yangu. Anayeandika ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, maana mie na kalamu hatujajuana hadi leo, hata kitambulisho nilitia dole gumba. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka, asinipambe. Mwandiko anao mzuri. Chumvi ndiyo anairusha kama anafukuza kuku.

(Nimeandika kama alivyosema. – Mkwe)

Ningekupigia simu, lakini masikio yako yaliliwa na nyundo za gereji. Mara ya mwisho nilisema "ni mimi", wewe ukajibu "ni lini?", tukaenda hivyo hivyo mpaka salio likaisha. Kwa hiyo barua.

Mwanangu hajambo, ana kitambi kinachoingia mlangoni kabla yake. Paka kazaa kwenye kabati la shuka, watoto wanne, mmoja kengeza. Jirani yangu, yule fundi cherehani, bado hatusemezani. Sababu nimeisahau lakini naendelea tu.

Sasa nikwambie lililonifanya nimkalishe mtoto wa watu na karatasi. Mke mwenzangu anavuja.

Usishtuke. Shemeji yako, Mungu amlaze pema, hakuoa mwingine. Nasema lile gari lake, alilokuwa akiliosha kila Jumamosi kabla hajaniuliza kama nimeamka. Miaka yote lilikaa bandani, na sheria yake unaijua: likitanda wingu, gari halitoki. Tumekosa harusi mbili na mazishi matatu kwa ajili ya mawingu. Basi Januari upepo ukabeba mabati ya banda ukayapeleka unakojua wenyewe, na tangu siku hiyo mvua ikinyesha maji yanaingia ndani ya gari. Yanapitia wapi, hakuna ajuaye. Milango imefungwa, vioo vimepandishwa, lakini ukikanyaga zulia linasema chubwi. Mbele ya kiti changu, pale ninapoweka miguu, umeota uyoga. Uyoga, Spana! Nimeung'oa kwa heshima zote.

Mwanangu kaja, kachungulia, kaziba pua. "Mama, hili limeshakuwa tangi. Nampa mtu wa vyuma chakavu, hapa niweke tangi la kweli." Nimelia kidogo, na pale kilio kilipogoma nikakisukuma. Kanipa mpaka mwisho wa Mei. Mwisho wa Mei zulia likiwa bichi, gari linaondoka kwa kilo.

Njoo uliangalie. Usiniulize nalitakia nini, nalitaka tu. Najua wewe na shemeji yako mliachana vibaya miaka ishirini na miwili iliyopita, tena kwa ajili ya gari hili hili. Lakini yeye yuko udongoni mwaka wa nne sasa, na udongo hauna kinyongo.

Mimi dada yako, mwenye goti.


Tarehe 21 Machi

Dada, shikamoo.

Huku wazima. Wifi yako anakusalimu. Mahindi yameliwa na ngedere.

Siji. Shemeji alisema mbele ya watu nisiguse tena gari lake wala kizingiti chake. Akaniita fundi wa ndoo, eti gari nikilitengeneza mimi ni lazima ndani uweke ndoo. Nami nikaapa kwamba sitagusa kimoja wala kingine. Kiapo hakizikwi na mtu.

Lakini kazi nitakuelekeza. Toeni viti vya mbele. Toeni zulia, lianikeni juani siku tatu. Halafu mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji nje kwa bomba. Muanze chini, mpande juu, polepole, kila sehemu dakika kumi. Msiruke. Kwenye mipira ya milango na ya vioo pakeni poda kwanza. Maji yakipita, poda italowa na mtaona njia yake. Angalieni milango yote minne, taa za nyuma, buti, kioo cha nyuma na kioo cha mbele.

Hayo ndiyo yote.

Mdogo wako, Spana.


Tarehe 10 Aprili

Marahaba, mdogo wangu.

Pole ya mahindi. Ngedere ni kama ndugu wa mume, hawaulizi. Paka mmoja nimempa mwalimu, yule kengeza kabaki, hakuna anayemtaka, nami namuelewa.

Barua yako imefika tukaanza siku hiyo hiyo. Zulia tumelitoa, lilikuwa zito kama maiti ya mtu tajiri. Tukalitundika ukutani. Fundi cherehani akapita akaliangalia, nami nikaangalia mawinguni.

Sasa poda. Nyumba hii haina mtoto mchanga, poda itoke wapi? Nikasema poda ni nini, si kitu cheupe laini? Nikachukua unga wa ngano. Mkwe akasema, "Mama, mjomba kasema poda." Nikamwambia, mjomba wako kazaliwa mie nikiwa na meno yote, paka unga! Basi tukapaka kila mpira, gari likawa kama limepauka kwa baridi. Ndipo mie nikaingia ndani na tochi, nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa maana viti vimetoka, na mkwe akashika bomba.

Mtoto wa watu akaelekeza bomba dirishani. Dirisha liko wazi! Maji yakanipiga usoni, tochi ikazima, nikameza nusu. Anasema hakuona. Miaka kumi na moja alikuwa ananisubiri.

(Aliyeshusha kioo ni yeye mwenyewe, alisema ndani hakuna hewa. Mimi niliambiwa "mwaga". – Mkwe)

Unga ulipopata maji ukawa uji. Uji ulipopata jua ukawa mkate. Asubuhi kuku wote wa mtaa wamepanga foleni juu ya boneti wanadonoa kioo cha mbele, na mwanangu kasimama na mswaki mdomoni.

Lakini usicheke, kazi imefanyika. Tulipoinua zulia tulikuta sakafu ina matundu, na chini ya milango kuna vijitundu vingine. Nikasema kumbe! Gari lina matundu kama chujio, litaachaje kuvuja? Nimeyaziba yote. Ya sakafuni nimeweka ndala iliyokatwa, ya milangoni nimemimina mshumaa, na palipobaki nimesindilia sabuni ya mche. Hata sisimizi hapiti.

Jambo moja tu linanisumbua. Siku ile ya bomba, kabla sijapigwa, niliona maji mengine yanashuka kutoka juu, nyuma ya dashibodi, pale mbele ya kiti changu. Yanashuka taratibu kama mtu anayelia hataki aonekane. Juu pale pana nini?


Tarehe 8 Aprili

Dada, shikamoo.

Huku wazima. Naandika haraka. Katika barua ya kwanza nilisahau neno la muhimu kuliko yote: MSIZIBE TUNDU LOLOTE. Gari lina matundu ya kutolea maji, yako chini ya milango na sakafuni. Maji ya mvua huingia kwenye mlango kila siku na kutokea chini. Hiyo ndiyo kazi yake. Ukiyaziba utakuwa umelifunga gari haja.

Mdogo wako, Spana.


Tarehe 24 Aprili

Spana mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe nane imefika jana tarehe ishirini na tatu, nasikia ilipelekwa kwanza kwenye mtaa mwingine. Imefika wakati maji yameshafika kwenye viti vya nyuma.

Mvua ilinyesha siku mbili. Mlango wa kulia ukiufungua unalia kama tumbo la ng'ombe aliyetoka kunywa. Ndani maji yalisimama, yakatulia, yakawa safi kabisa, unajiona uso. Bata wa jirani alikuja kuulizia. Mwanangu kaja, kasimama, kaangalia. Hakugomba. Heri angegomba. Kasema tu, "Mama, leo tarehe ngapi?" Tukazibua. Mkwe akalala chini ya gari akang'oa ile ndala, maji yote yakamshukia kifuani. Sasa tumelipana la bomba.

(Hatujalipana. – Mkwe)

Milango tumekwangua mshumaa, imekauka. Sakafu imekauka. Zulia tumelianika tena. Lakini yale maji ya juu, nyuma ya dashibodi, yako pale pale. Ndiyo peke yake yaliyobaki. Nilikuuliza pana nini pale, nawe hujajibu. Au barua imepotea? Nauliza tena: wewe fundi wa miaka arobaini, maji yakishuka juu ya miguu ya abiria wa mbele, yanatoka wapi?

Nina wiki tano. Vyuma chakavu kashakuja kupima gari kwa macho. Nimemwambia apime kichwa chake.


Tarehe 7 Mei

Dada, shikamoo.

Huku wazima. Wifi yako alikuwa na kifua, amepona.

Hayo maji pengine ni mpira wa kioo cha mbele. Badilisheni mpira. Kama si huo, mimi sijui. Magari ya zamani yana mambo yake. Labda mwanao ana haki, tangi nalo ni kitu cha maana.

Mdogo wako, Spana.


Tarehe 18 Mei

Spana,

Wifi yangu mpe pole ya kifua, achemshe tangawizi. Mwanangu hajambo. Paka kengeza amehamia garini.

Leo sina salamu ndefu.

Barua yako tuliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nikasema sawa, mpira. Tukamwita fundi vioo, akaupapasa wote, akamwaga maji, akasema mama, mpira huu ni mzima kuliko moyo wangu. Mara ya pili tukaisoma, nikakasirika: tangu lini Spana akaandika "sijui"? Wewe ulikuwa ukisikia gari linapita barabarani unataja ugonjwa wake kabla halijakata kona. Mara ya tatu mkwe akazitoa barua zako zote, akazipanga juu ya meza, akasema, "Mama, hebu sikiliza. Mjomba kataja milango. Kataja taa, buti, kioo cha nyuma, kioo cha mbele, sakafu. Gari zima kalitaja. Isipokuwa hapa." Akanishika mkono mpaka nje, akaweka kidole chini ya waipa, pale penye vile vitundu vilivyopangwa kama kichujio cha chai.

Tukafungua boneti. Chini ya vile vitundu kuna mfereji, nimekuja kuujua leo na uzee huu. Maji ya mvua ya kioo yote yanaanguka humo, kisha yanatakiwa yashuke kwa mrija wa mpira mpaka chini nyuma ya tairi, yaende zake. Sasa mfereji umejaa. Majani, tope, na chura amekaa katikati kama mwenyekiti. Ukijaa zaidi unamwagikia ndani kwa tundu la hewa, moja kwa moja miguuni pangu. Tukazoa majani, tukamuomba chura radhi. Maji bado yamesimama. Mkwe akatia waya wa kutundikia nguo kwenye mrija. Waya ukagota. Akalala chini, upande wa tairi, akatia vidole kwenye mdomo wa mrija, akavuta. Akavuta. Kikatoka kitambaa, na maji yote ya mwaka huu nyuma yake.

Akakikamua, akanionyesha. Buluu yenye vidoti vyeupe.

Nikakaa topeni. Andika hapo kwamba nilikaa.

(Ni kweli. Dakika nzima. Nilidhani goti. – Mkwe)

Unalikumbuka gauni la buluu? Ulininunulia wewe, ulipopokea mshahara wako wa kwanza gereji. Liliponichanikia pindoni nililipunguza, na vipande nikaviweka.

Mwaka ule kabla ya mvua tulikuwa tunaenda harusini, nimevaa, nimejipaka, na panya akatokea chini ya dashibodi akanipanda mguu. Shemeji yako akasema gari lake halina panya. Kesho yake nikavizia na fagio, nikamuona kwa macho yangu anaingia kwenye mrija ule, nyuma ya tairi. Nikasema nitakukomesha. Nikachukua kipande cha gauni nikakisindilia kwa kijiti cha mwiko. Panya hakuonekana tena, nikajisifu moyoni, nikaendelea na kazi zangu.

Ndipo mvua ikaja, viatu vya shemeji yako vya ngozi vikaelea ndani ya gari, na wewe ukaitwa. Ukalala chini ya gari mchana kutwa. Mwisho ukainuka ukasema hujaona kitu. Yeye ndipo akakuita fundi wa ndoo, watu wanacheka, na mie nimesimama mlangoni na mwiko ule ule mkononi.

Siku ile sikujua, nakuapia. Mwaka uliofuata nikaanza kujua kidogo. Nikakaa nikijua kidogo, miaka ishirini na mmoja.

Kila nikitaka kumwambia, alikuwa anafagia banda. Alilijenga kwa mikono yake ili gari lisilowe, kwa ajili ya kitambaa changu. Nitasemaje?

Sasa nikwambie nalitakia nini gari. Basi linanichefua, unajua. Nilitaka likauke nije kwako nikiwa ndani yake, nikuambie mdomo kwa mdomo. Sasa nimekuambia kwa mdomo wa mkwe, na yeye amejua, na kesho mwanangu atajua, kwa sababu huyu naye anavuja.

(Sijasema kitu. – Mkwe)

Nisamehe, Spana. Au usinisamehe, lakini jibu.

Dada yako.


Tarehe 26 Mei

Dada, shikamoo.

Nimesoma barua yako, nikaisoma tena nje, wifi yako asinione.

Nilijua.

Kitambaa nilikiona siku ile ile. Nilikivuta, kikatoka nusu, nikaviona vile vidoti. Gauni lile nilikuwa nimelichagua dukani kwa saa mbili, ningeacha kulitambua? Shemeji alikuwa amesimama juu yangu, anapiga kelele za viatu. Nikafikiri: nikitoka na hiki mkononi, kelele zote zitahamia jikoni kwako. Nikakirudisha kwa kidole. Nikainuka nikasema sijaona kitu. Fundi wa ndoo nilikuwa kwa hiari yangu.

Ulipoandika Machi kwamba gari linavuja, nilijua ni kile. Nikakutajia kila tundu isipokuwa hilo. Nilikuwa bado nakificha, dada. Mtu akizoea kuficha kitu, mwenyewe anayefichiwa akija kukitafuta bado anaendelea kukikalia. Nikaona heri nikutajie mpira.

Mazishini sikuja kwa sababu ungeniangalia usoni, na uso wangu haujui kuziba.

Nimekwisha kukusamehe zamani, nilikuwa chini ya gari. Lakini kiapo ni kiapo. Sitagusa gari wala kizingiti.

Pitisheni maji safi kwenye mrija mara tatu. Kwa panya, wekeni wavu, si gauni.

Mdogo wako, Spana.


Tarehe 2 Juni

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Hujambo, hawajambo, tumefurahi, tumeshukuru. Mengine nitayasema nikifika, leo nina haraka, barua hii inaondoka na kondakta wa basi la jioni ili itutangulie.

Mvua ilinyesha tarehe ishirini na tisa, ya kutosha, ya kurusha vyura. Asubuhi mwanangu kaja na suruali ya kazini. Kapiga magoti nje ya mlango wa gari. Kaweka kiganja kwenye zulia. Kaweka gazeti, kalikandamiza, kalinyanyua, kaliangalia juani. Hakuridhika. Kainama kaweka shavu. Kakaa hivyo muda mrefu, mie nikidhani ameona kitu. Kumbe kasikia harufu ya tumbaku ya baba yake, imerudi baada ya uvundo kuondoka. Kainuka kasema tangi litakaa nyuma ya jiko. Vyuma chakavu kaondoka na toroli tupu.

Fundi cherehani ametushonea zulia pindo jipya. Nilikwenda mwenyewe nikamwambia nimesahau tuligombana nini. Akasema, "Nilisema gari lenu lina panya." Tukacheka mpaka akajidunga sindano.

Sasa sikiliza. Hutaki kuja kwa ajili ya kizingiti, basi kizingiti tunakiacha huku. Jumamosi tunakuja sisi. Dereva ni mkwe, anaendesha kama anavyotia chumvi, niombee. Kuhusu gari, uliapa hutaligusa. Hukuapa kwamba hutapanda. Vaa soksi mikononi, mkwe atakufungulia mlango, ukae kiti cha mbele, changu. Nimekikalia miaka thelathini, hakina panya. Mie nitakaa nyuma na wifi yangu, tuwaseme.

Kile kitambaa nimekifua na kukipiga pasi. Kinatosha leso ya jasho. Chako.

Tusipofika asubuhi usianze kusema ni mawingu. Sheria hiyo nimeifuta.

Dada yako, anayekuja.

(Mjomba, shikamoo. Mama amekaa garini tangu jana Jumatano mchana, na mkoba mapajani. Tumemwambia safari ni keshokutwa. Kumetanda wingu zito na hataki kushuka. Nampelekea chakula dirishani. Anasema leo chumvi iko sawa. – Mkwe)